Kupokea Inapokea, Kutuma Haitaki

Jamani, barua pepe yangu ina tabia. Kupokea inapokea popote: Mwanjelwa, Uyole, Tukuyu kwenye mvua, hata stendi ya Makambako. Mwenye nyumba siku hizi kajifunza kudai kodi kwa imeili, nayo inaingia bila kukosea njia. Lakini nikitaka kumtumia mteja wa Dar es Salaam bei ya parachichi, kompyuta inazungusha kale kaduara weee, mwisho inaniletea maandishi mekundu. Ni kama yule shemeji ambaye muamala anaupokea hata usiku wa manane, ila ukimwomba elfu mbili, mtandao unasumbua.

Na usithubutu kuomba ushauri hapa Mbeya, kila mtu fundi. "Zima, washa." Nikazima, nikawasha. Mwenye steshenari Mwanjelwa kaiangalia laptopu kwa mbali tu: "Virusi hivyo, lete elfu kumi." Dada wa mapokezi kwenye gesti Tukuyu akanionea huruma: "Kaka, waifai ipo, mbona mwenzako pale anaangalia mpira?" Kweli, jamaa anaangalia mpira, tena haukwami. Mimi barua ya mistari minne haitoki. Mama watoto yeye akahitimisha kwamba huyo mteja hayupo.

Kinachoudhi zaidi, ofisini kwa rafiki yangu kule Soweto, hapa hapa Mbeya, inatuma vizuri kabisa. Napanda bajaji hadi nyumbani Iyunga, imegoma. Kwa hiyo nikitaka tu kumwambia mtu "asante, nimepata", nalipa nauli.

Aliyenifungua macho ni kijana wa Mafinga aliyekuja kununua miche. Anasema kupokea na kutuma ni njia mbili tofauti. Kupokea kwangu kunapitia mlango namba 993, ambao hauna ugomvi na mtu. Kutuma kulielekezwa mlango namba 25, wa tangu SMTP, yaani utaratibu wa kompyuta kutumiana barua pepe, ulipoandikwa mwaka 1982, enzi watu wa mitandao bado wanaaminiana. Wakaja wazee wa barua taka, wakawa wanazimwaga kupitia kompyuta za watu zilizoingiliwa na virusi. Wenye mitandao wengi wakaona isiwe tabu, mlango wakaufunga kwa wateja wa kawaida. Soweto hawajaufunga. Iyunga na gesti, komeo. Na hakuna hata mmoja aliyebandika tangazo ukutani!

Sasa niulizeni kama barua taka zimekwisha. Leo asubuhi tu nimeletewa urithi wa mamilioni ya dola na binti wa jenerali nisiyemjua. Yeye kapita. Anayefungiwa ni muuza parachichi za Rungwe, mwenye TIN na leseni ya biashara.

Kijana akaingia kwenye mipangilio, sehemu ya seva ya kutuma, akafuta 25 akaweka 587, mlango uliotengwa kwa mtu anayetuma barua zake mwenyewe. Akawasha TLS, ile inayoficha barua isisomwe njiani, akaniambia niandike jina na nywila na hapo pia. "Mzee, ukishajitambulisha mlangoni, seva haijali umekuja na waifai ya nani." Hiyo nayo ikigoma, nijaribu 465. Nikibanwa kabisa, nifungue barua kwenye kivinjari, kwa sababu huko inapita njia ile ile ya tovuti, na tovuti hakuna gesti inayozifunga. Nikamwongezea miche miwili ya bure.

Zikatoka. Zote! Zilizolundikana kwenye kikasha cha kutoka zikaondoka kwa mpigo: bei ya mwezi wa tano, bei ya mwezi wa sita iliyopanda, na ile niliyoandika kwa hasira kumuuliza mteja mbona kimya. Akajibu papo hapo, kwa upole mkubwa, kwamba anachukua tani mbili kwa ile bei ya mwezi wa tano, na je, usafiri umo humo humo?