Kiwiko cha Conforto

Tarehe 8 Aprili 2021 timu za besiboli za New York Mets na Miami Marlins zilikuwa sare 2-2, awamu ya tisa, ya mwisho, vituo vyote vitatu vimejaa wakimbiaji wa Mets. Mpigaji Michael Conforto alibakiza straiki moja (alama dhidi ya mpigaji; zikifika tatu anatoka) atolewe. Anthony Bass akarusha, mpira ukaingia eneo la straiki, yaani nafasi mbele ya mpigaji ambamo mpira asipoupiga huhesabiwa straiki, Conforto akachomoza kiwiko chenye kinga na mpira ukakikwaruza. Mwamuzi Ron Kulpa alianza kuinua mkono kumtoa, kisha akaghairi: amegongwa, aende kituo cha kwanza. Wakimbiaji wakasogezana, mmoja akaingia nyumbani, kituo cha mwisho kinacholeta pointi, mechi ikaisha 3-2.

Kanuni ya ligi kuu ya besiboli Marekani ina masharti mawili hapa. Mpira ukikugusa ukiwa ndani ya eneo la straiki, ni straiki, ukwepe usikwepe. Ukiwa nje ya eneo na hukujaribu kukwepa, hupewi kituo. Watu huyachanganya, ilhali la kwanza linahusu mahali mpira ulipo na la pili linahusu nia ya mtu.

Na nia nani aisome? Mrushaji yuko mita 18.44, mpira unafika kabla ya nusu sekunde. Wapo wanaoganda tu kwa woga. Agosti 1920 Ray Chapman wa Cleveland aligongwa kichwani na mpira wa Carl Mays, akafariki siku iliyofuata. Mwamuzi anayempendelea mpigaji penye shaka simwiti mzembe.

Lakini mrushaji naye ana haki. Mwaka 2015 Max Scherzer wa Washington alikuwa amewatoa wapigaji 26 mfululizo, imebaki straiki moja akamilishe mechi isiyo na doa, yaani kuwatoa wote 27 bila yeyote kufika kituoni. Mpira ukamgusa mpigaji José Tábata kiwikoni, akapewa kituo. Wengi wanaapa kwamba alikishusha kiwiko makusudi. Labda. Ila mpira ulikuwa unamfuata yeye, na sioni mwamuzi angeapa vipi kuhusu kilichokuwa moyoni mwake. Mwaka 1968 mwamuzi Harry Wendelstedt alithubutu: alimnyima Dick Dietz wa Giants kituo kwa kutokwepa mpira, vituo vikiwa vimejaa, na mrushaji Don Drysdale akaendeleza mfululizo wake wa awamu bila kufungwa. Giants walifoka sana, na uamuzi huo unasimuliwa hadi leo kwa sababu ni nadra mno.

Kwa hiyo sharti la nia ningeliacha mikononi mwa mwamuzi, pamoja na makosa yake. La eneo ni jambo jingine, maana kamera zinapima njia ya mpira. Usiku ule wa Conforto video ilirudiwa, lakini kilichoruhusiwa kutazamwa ni kama mpira ulimgusa, basi. Swali lenye jibu la kupimika ndilo lililofungiwa nje! Baada ya mechi Kulpa mwenyewe alikiri kwamba alipaswa kumtoa Conforto. Matokeo yakabaki 3-2, na kipigo kikaandikwa kwa jina la Bass.