Sikulia, Ule Ulikuwa Moshi

Wadau, naona klipu imeshamfikia hadi mama mkwe mtarajiwa, kwa hiyo acheni na mimi niongee. Aliyeisambaza ni bestimani. Kaweka na sauti, nusu nzima anacheka tu kabla hajaanza kueleza, na humo kasema mambo matatu: kwamba Subaru yangu ilizimika kwenye taa za Mwenge ikiwa na maharusi ndani, kwamba wapiga matarumbeta walikohoa, na kwamba nililia. Mawili ni kweli.

Gari mnalijua. Impreza nyeupe, injini ya EJ20 yenye turbo (ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini), gia za mkono. Mwaka huu nimeifunga turbo kubwa, nozeli kubwa za mafuta na bomba jipya la moshi kutoka mbele hadi nyuma, ndiyo maana mnaniona kwa mama ntilie kila mchana. Ikatuniwa, boosti, yaani msukumo wa hewa ya turbo, ikapandishwa. Fundi alipomaliza akasema plagi zilizomo, vile vidude vya kutoa cheche, namba 6 kwa kipimo chao cha joto, hazifai tena. Akachana pakiti ya sigara akaniandikia: BKR7E (yaani namba 7), gape, ile nafasi ya kurukia cheche, milimita 0.7. Halafu akaenda kwao msibani, simu ikawa haipatikani.

Nikafika Kariakoo na kile kikaratasi. Muuza spea akakisoma, akaniangalia, akaangalia funguo yangu yenye nyota za Subaru. "Bro, una turbo halafu unaweka saba?" Sasa mtu akikuuliza hivyo mbele ya wateja wengine wawili, utafanyaje? Nikapiga hesabu ya haraka: kutoka 6 kwenda 7 fundi kapandisha moto kidogo, maana fundi wangu ni mwoga, hata supu anaipuliza. Nikasema kwa sauti ya mtu anayejua, "Nipe za moto kuliko zote ulizonazo." Jamaa akaingia ndani, akarudi na iridiamu, BKR9EIX, nne. "Hizi ndiyo moto mwisho." Nikalipa bila kuomba punguzo. Mwenye turbo haombi punguzo.

(Wewe unayejua plagi na umeshaanza kucheka, tulia. Wenzako bado.)

Kuzifunga nilizifunga mwenyewe. Mtu wa Toyota hawezi kuelewa adhabu hii: silinda za Subaru zimelala ubavuni, plagi zinaangalia chesisi, kwa hiyo upande mmoja unatoa betri, upande mwingine unatoa boksi la eakilina, kisha unaingiza mkono usikoona kitu na unautoa bila ngozi ya vidole. Kikaratasi kilisema gape 0.7. Fila geji, kile kipimo cha gape, sina. Nikazitazama kwa jicho, zikanipendeza.

Ijumaa usiku nikalijaribu barabara ya Bagamoyo. Jamani. Gari liliruka. Gia ya tatu boosti imejaa, linavuta bila kukwama popote, na mimi ndani napiga kelele peke yangu. Nikampigia bwana harusi saa hiyo hiyo: kaka, kesho bibi harusi atajua kaolewa.

Jumamosi sasa. Msafara kutoka kanisani: mbele pikapu ya mpiga picha, kati mimi na maua kwenye boneti, nyuma yangu kirikuu ya matarumbeta, vijana wamevaa mashati meupe pee. Ndani ya gari langu, kiti cha nyuma, maharusi. Kiti cha mbele alitakiwa akae bestimani, lakini shangazi wa bibi harusi alikuja akafungua mlango akakaa, na hakuna mtu katika ukoo ule mwenye ubavu wa kumwambia shuka. Bestimani akapanda pikapu na simu yake. Ndiyo asili ya klipu.

Msafara wa harusi mnaujua mwendo wake. Unatembea kwa kasi ya tarumbeta. Gia ya kwanza, klachi, simama, cheza kidogo, sogea. Karibu na Mwenge nikasikia sailensa, ule mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta, inashuka na kupanda. Nikajidai sijasikia. Shangazi akasikia.

"Baba, hili gari lina kifua?"

"Hapana shangazi, ndivyo turbo zinavyonguruma."

Taa nyekundu. Tumesimama. Usukani unatetemeka, na ua moja la boneti linatikisa kichwa kama linanikataa. Silinda moja imeshakufa, naisikia kabisa, dufu-dufu-kimya-dufu. Kwenye kioo namwona bwana harusi ameacha kutabasamu. Naye ni mtu wa magari, anajua. Bibi harusi hajui, anapungia watu. Nikajiambia taa ikiwa kijani nalikanyaga hadi chini, lisafishe koo.

Kijani.

Nikakanyaga. Kwanza hakikutokea kitu. Kikakaa kama nusu sekunde hicho kitu kisichotokea. Halafu bomba likapasuka PAAA! Watu wa daladala wakainama. Matarumbeta wakadhani ni fataki za harusi, wakapandisha wimbo. Nikakanyaga tena, PAAA ya pili, na humo ukatoka moshi mweusi tii, mzito, wa mafuta yasiyoungua, ukaenda moja kwa moja kwenye kirikuu. Sasa fikiria mpiga tarumbeta: ili apige lazima kwanza avute pumzi. Walivuta. Wimbo ukakatika mmoja mmoja, tarumbeta ya kwanza, ya pili, likabaki ngoma peke yake linaendelea, mpigaji amefumba macho. Mashati meupe yakawa na madoadoa. Madirisha yetu yalikuwa wazi kwa sababu niliizima AC kuupunguzia mzigo injini, upepo ukageuka, na moshi uliobaki ukaingia kwetu. Macho yakanitoka machozi. MOSHI. Nasisitiza.

Gari likazima. Nikapiga stata hadi betri ikachoka, kila mara nikiongeza petroli juu ya plagi ambazo zilishalowa.

Yaliyobaki ni mafupi. Bodaboda wakasukuma, bwana harusi akavua koti akasukuma, shangazi akashuka akang'oa maua yote kwenye boneti bila kuniangalia, akayafunga kwenye bajaji. Maharusi wakaingia ukumbini na bajaji. Wageni walishangilia, wakidhani ilipangwa.

Fundi alirudi Jumatatu. Akachomoa ya kwanza, masizi makavu mpaka kwenye uzi. Akasoma namba. Akakaa chini kwenye tairi.

Kumbe kwa plagi za kampuni ya NGK, kama hizi zangu, na za Denso, namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi. Bosch na Champion ndio wanaohesabu kinyume. Nilichonunua ni cha mtu anayekanyaga mafuta muda wote. Ncha ya plagi inataka ifike kama nyuzi 450 ndipo ijichome masizi yenyewe. Bagamoyo usiku ilifika, kwenye mwendo wa tarumbeta haikukaribia. Na gape ninalolipenda kwa jicho lilikuwa kubwa mno kwa boosti ile. Hewa ikibanwa sana cheche inashindwa kuruka.

"Na kama angenipa za moto kweli?" nikauliza.

"Ncha inazidi joto, mafuta yanawaka kabla ya cheche, pistoni inatoboka," akasema. "Wewe uliomba kitu cha kuua injini. Muuzaji naye hajui, akakupa cha kuua harusi."

Sasa nina 7, gape 0.7 kwa fila geji, gari linanguruma vizuri hata kwenye foleni. Kufua mashati ya matarumbeta nimelipia. Shangazi hapokei simu.

Na nina plagi nne za iridiamu, namba 9, nauza. Zimesafishwa, zimetumika harusi moja tu, tena haikufika ukumbini. Maongezi yapo.