Mackinnon na Kodi ya Nyumba

Mimi nikipita Mackinnon Road, pale kwenye njia ya Mombasa kwenda Nairobi, nikakiona kile kibao, hasira hunipanda. Wenzangu kwenye basi wanasinzia, mimi nabishana na marehemu.

Huyu Mackinnon alikuwa tajiri wa meli, Mskoti. Mwaka 1888 kampuni yake, Imperial British East Africa, ikapewa hati ya kifalme: itawale, itoze ushuru, ifanye biashara. Mimi kuuza karanga nje ya geti langu naulizwa leseni! Mwaka 1890 wakaanza kuchonga barabara kutoka Mombasa hadi Kibwezi, ya mikokoteni ya ng'ombe. Ng'ombe, jamani, katika nyika yenye mbung'o! Na mbung'o hasomi hati ya kifalme. Mzigo ukabaki palepale ulipokuwa siku zote, kichwani kwa mpagazi, ambaye kibao chake bado nakitafuta.

Kampuni ikaishiwa. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikaichukua nchi, ikamtuma Kapteni Sclater aiendeleze barabara kutoka Kibwezi hadi Busia. Vumbi halijatua, 1896 reli ikaanza Mombasa. Haya, kazi ya mikokoteni ikawa nini?

Lakini hayo nasamehe. Lisilonitoka rohoni ni fidia. Kampuni iliyoshindwa ililipwa pauni 250,000. Nikasema sawa, serikali yao, mfuko wao. Wapi! Uingereza ilitoa 50,000. Zile 200,000 zilikuwa za Zanzibar, pesa alizolipwa Sultani na Wajerumani walipochukua pwani ya Tanganyika, zikawekwa London. Na ukanda wa pwani ya Mombasa, kampuni ilikuwa imeukodi kwa Sultani huyohuyo! Yaani mpangaji kafilisika, na mwenye nyumba ndiye kamlipa ahame.

Baadaye Waingereza wakawa wanamlipa Sultani pauni 17,000 kwa mwaka. Usishangilie: 11,000 ndiyo kodi ya pwani, na 6,000 ni riba ya hizohizo pesa zake walizozitumia.

Nilimsimulia mwenye nyumba wangu kisa hiki kizima, taratibu, nikidhani atajifunza ungwana. Akasikiliza mpaka mwisho. Tarehe tano akaja na fundi, wakang'oa mlango.