Ndoo ya Benchi la Nne

Ukitaka kumjua mgeni katika kanisa la zamani la mlimani, usihangaike na mavazi yake. Subiri masika, umwangalie anapokaa. Mwenyeji analiruka benchi la nne kushoto bila hata kulitazama, kama mtu anavyoruka ngazi mbovu ya nyumbani kwake. Mgeni analikuta tupu, anamshukuru Mungu, anajibwaga. Kabla somo la pili halijaisha, tone la kwanza limeshamwingia kwenye kola. Hapo ndipo mzee wa kanisa anapoinuka polepole, kwa heshima zote, kwenda kuleta ndoo.

Ndoo yenyewe ni ile ya rangi, ya lita 20. Rangi iliyokuwemo ndiyo hiyo inayobanduka ukutani. Tutafika huko.

Haya makanisa ya mawe ya Kilimanjaro si ya jana. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893, Mamba mwaka 1894, Old Moshi mwaka 1896, na vijiji jirani vikafuata. Waliobeba mawe ni babu na bibi zetu, begani na kichwani, mawe meusi yaliyotapikwa na mlima wenyewe. Kuta nyingi zikaungwa kwa udongo na kupakwa chokaa. Zilikuja nene hivi kwamba hadi leo kina mama wanalaza watoto kwenye kingo za madirisha mahubiri yakirefuka. Ukuta wa namna hiyo unapumua. Ukinyeshewa unakunywa kidogo, jua likitoka unayarudisha maji hewani. Hiyo ndiyo dawa yake, na ulikuwa umeizoea.

Tukaja sisi na saruji.

Kila kamati ya ujenzi ikichaguliwa inataka kazi ionekane. Na kazi inayoonekana ni plasta. Hakuna mwenyekiti aliyewahi kupigiwa makofi kwa kuzibua bomba. Basi fundi anaitwa, anakoroga saruji kali, ndoo moja kwa tatu za mchanga, "ili ikamate." Inakamata kweli. Tatizo ni kwamba plasta ngumu imevalishwa ukuta laini. Jua likiwaka kila mmoja anatanuka kivyake, unaingia ufa mwembamba kama unywele, mvua inapita humo humo, na ikishapita haina pa kutokea. Udongo katikati ya mawe unalainika. Plasta inavimba, ukiigonga kwa kidole inaitika kama ngoma. Siku moja kinadondoka kipande kizima cha ukubwa wa mlango, kamati inakaa kikao, inachunguza, na inafikia uamuzi kwamba saruji ilikuwa kidogo.

Juu ya hapo weka rangi ya mafuta. Krimu juu, kijani kuanzia kiunoni kwenda chini, ati uchafu ufutike. Unyevu unasukuma kutoka ndani, rangi inatoa malengelenge, watoto wa Sunday School wanayapasua moja moja wakati wa maombi. Siwalaumu. Yanapasuka vizuri.

Anayeijua kazi anaanza kwa kubandua. Saruji inatoka taratibu kwa tindo na nyundo ndogo, bila kuyang'oa mawe. Maungio yanakwanguliwa sentimita mbili tatu kwenda ndani, yanafagiwa vumbi, yanaloweshwa. Kisha ndoo moja ya chokaa kwa ndoo tatu za mchanga mkali wa mto uliochekechwa, siyo ule wa kandokando ya barabara wenye udongo nusu yake. Chokaa ya mfuko inalowekwa kwenye pipa iwe tope zito, ilale angalau usiku mmoja. Ikilala wiki inakuwa laini kama siagi. Unapiga tabaka jembamba, kama sentimita moja, unangoja lishike, unapiga la pili. Halafu unafunika kwa magunia mabichi kwa siku kadhaa, maana chokaa haitaki kukaushwa na jua. Inashika polepole kwa kula hewa. Hapo ndipo fundi anapokukimbia. Mwambie akae analowesha magunia asubuhi na jioni, atakuuliza umemwajiri awe fundi au muuguzi.

Kupaka nako kuna adabu yake. Chokaa ya kupaka iwe nyepesi kama maziwa, isiwe uji. Ukuta uloweshwe kwanza, upakwe mkono mmoja kwa siku, mikono minne au mitano. Mkono wa kwanza ukiwa mbichi hauonekani kabisa, na mwenyekiti akipita anauliza pesa zimekwenda wapi. Tulia, meku, yaani mzee wangu, ukuta ukikauka utakujibu. Kwani tukianza na uji mzito siku ya kwanza, baada ya mwezi mmoja kila anayeegemea ukuta ataondoka na nusu yake mgongoni.

Ila yote hayo ni kupaka poda usoni pa mgonjwa, kama hujayashughulikia maji. Hebu tupige hesabu. Kanisa la mita 30 kwa 12, paa linafunika mita za mraba 360. Mvua moja nzito ya masika, milimita 50, inamwaga juu yake lita 18,000. Karibu boza mbili! Na gata, ule mfereji wa kukinga maji ukingoni mwa paa, liko wapi? Lipo. Lipo upande wa mbele, wanakopigia picha maharusi. Nyuma maji yanashuka yenyewe, yanachimba mfereji sambamba na ukuta, yanarusha matope hadi usawa wa magoti, yanaukalisha msingi kwenye supu. Kisha tunashangaa chini kunatoka ukungu, tunasema ni shetani wa unyevunyevu.

Gata linataka mteremko wa sentimita moja kila mita mbili, vishikio kila mita moja lisije likalegea tumbo, na mabomba ya kushushia ya milimita 100, angalau mawili kila upande. Chini ya bomba kuwe na mfereji wa kuyapeleka maji mita tatu mbali na ukuta, na si kwenye kitalu cha mboga cha mama mchungaji. Fishaboda, ubao wa ukingoni mwa paa unaobeba gata, ikaguliwe kabla ya kupigilia chochote, maana iliyooza haishiki msumari, itakushikia moyo tu. Tenki la lita 5,000, lile lililochangiwa kwa shangwe, linajaa kabla mhubiri hajafika pointi ya pili. Na kwa kuwa halikuwekewa bomba la ziada, linajimwagia lenyewe pale pale msingini. Tumenunua chombo cha kukusanya maji na kuyaweka karibu zaidi na tatizo.

Halafu majani ya mgrevilea. Mti mzuri, kivuli safi, lakini unapukutika kana kwamba unalipwa. Gata lisafishwe mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Ngazi moja, mtu mmoja juu, mwingine wa kuishikilia, kazi ya asubuhi moja. Kazi hiyo ndiyo tunayoiundia kamati ndogo.

Tupande kwenye bati sasa, juu kabisa ya benchi la nne. Bati la zamani la migongo ya mviringo linapigiliwa msumari juu ya mgongo, wala si bondeni. Maji yanapita bondeni, ukitoboa pale umeyafungulia mlango. Mtu mzima anajua hivyo, ila kijana wa fundi anaona bondeni nyundo inakaa vizuri, bati halibonyei, anapiga. Na hata misumari iliyopigwa sawasawa ina siku zake: mchana bati linatanuka, usiku linanywea, miaka nenda rudi, tundu linapanuka na msumari unapanda juu wenyewe. Kuupiga tena kwenye tundu lile lile ni kujifurahisha. Toa, weka skrubu nene kuliko msumari ule, yenye kofia na mpira. Kumwaga lami kunadumu msimu mmoja. Jua la Januari likiipata inateleza, inaacha tundu wazi na kutuchorea ramani ukutani.

Na hapa kuna jambo linaloudhi kuliko yote. Bati moja limeoza, mfadhili mwema anatoa bati moja jipya la msauzi, jekundu, linang'aa. Mungu ambariki. Migongo yake mipana haiingiliani na ya zamani hata kwa maombi. Ubavuni bati linatakiwa kulalia mwenziwe mgongo mmoja na nusu, na kichwani sentimita 15 au zaidi. Hili linalalia hewa. Lakini nani atamwambia mfadhili? Jina lake limeshasomwa kwenye matangazo.

Chini ya bati kuna popo. Wanaingia kwenye upenyo wa kidole, wanaishi kwa mamia, mikojo yao inakula bati na mbao, na harufu wakati wa Ijumaa Kuu ni mateso ya ziada ambayo hayamo kwenye liturujia. Dawa zinazopendekezwa ni za ajabu. Wengine wanachoma pilipili darini, chini ya kenchi za mbao zilizokauka zaidi ya miaka mia, halafu wanasimama nje na maji nusu jagi. Vijana nao wanaleta manati. Popo hawafi, bati linatoboka.

Njia ipo, nayo ni ya subira. Jioni unakaa nje unaangalia wanatokea wapi. Pale unatundika wavu mwembamba, uliobanwa juu na pembeni, chini umeachwa wazi na kuning'inia kama nusu mita chini ya upenyo. Wakitoka wanatambaa hadi chini na kuruka. Wakirudi wanaufuata upenyo, wanakuta wavu. Wiki moja hivi, wote wako nje, unaziba. Usifanye hivyo kukiwa na vitoto visivyoruka, vitafia ndani na utaitamani harufu ya mwanzo. Kinyesi kiloweshwe maji kabla ya kufagia na mfagiaji afunge pua na mdomo, kwa sababu vumbi lake lina ukungu unaoumiza mapafu.

Kengele nayo ina kesi yake. Makanisa mengi ya wamisionari Wajerumani yalipata kengele za chuma cha kusubu kutoka Bochum, Ujerumani, nyingine za shaba iliyochanganywa na madini ya bati. Zile za chuma hazina urembo, ni chuma tupu, zinapata kutu, zipakwe rangi nyembamba ya kuzuia kutu, isipokuwa pale ulimi unapogonga. Za shaba hazina kutu lakini zinapasuka. Ulimi ukishikiliwa na kamba baada ya kugonga, ukabaki umeegemea, unaikaba kengele na unaweza kuitia ufa. Ikishapata ufa usimpe fundi wa mageti aichomelee. Boliti za gogo linaloibeba zikazwe kila miezi sita, maana gogo linanywea na kengele ni nzito kuliko mtu aliye chini yake. Na tafadhali, wenye tabia ya kupanda na kipande cha nondo kwa sababu "kamba imekatika": kamba ni ya katani, inauzwa dukani.

Pesa? Pesa zina bahasha. Bahasha ya ahadi, bahasha ya ujenzi, bahasha ya shukrani, na ile isiyo na jina ambayo namba yako imeandikwa juu yake ili Mungu asikuchanganye na jirani. Desemba wanapanda wenyeji wetu wanaoishi Dar, magari hadi kwenye migomba, wanaingia kanisani, wanainua macho juu. "Jamani, hili paa mbona hivi?" Wanatoa ushauri wa shilingi milioni sita na sadaka ya elfu kumi. Mmoja hakosi kupendekeza libomolewe, lijengwe la ghorofa, lenye vigae. Kwenye kihamba chake mwenyewe, lile shamba la ukoo, nyumba ya baba yake inamegeka pembeni, lakini hiyo ni urithi.

Wanaolishikilia kanisa hasa ni wale wa mnada. Ibada ikiisha watu wanazunguka nje: mkungu wa ndizi, chupa ya maziwa, mayai manne kwenye mfuko, na jogoo. Jogoo anauzwa, mnunuzi anamrudisha mezani kwa Bwana, anauzwa tena, anarudishwa, mara ya tatu anapata mtu mwenye mji wa kumpeleka. Jogoo mmoja kwa mzunguko huo analeta pesa za skrubu za bati zote za upande wa kushoto, na za kubaki.

Mhasibu anaandika "Ujenzi." Ukimuuliza ujenzi gani, kikao kimepitisha madirisha ya mbele yawekwe aluminiamu, ya kusukuma. Bati la benchi la nne liko ajenda namba saba, kwenye mengineyo. Lakini tusiseme hakuna kilichofanyika. Ndoo mpya imenunuliwa. Ile ya zamani ilikuwa inavuja.