Mwalimu wa fizikia naye afundishe kusoma

Kwetu ni Korogwe, Tanzania, ila kwa sasa ni mwalimu msaidizi katika sekondari moja hapa Birmingham. Watu wakiniuliza shule za huku zinatuzidi nini, wengi hutegemea nitaje maabara na kompyuta. Mimi nataja kusoma.

Huku kusoma ni kazi ya kila mwalimu. Taasisi ya Education Endowment Foundation ilitoa mwongozo kwa sekondari za England, na pendekezo lake la kwanza linataka kila somo lifundishe wanafunzi kusoma na kuandika kwa namna ya somo hilo. Nimeliona darasani. Mwalimu wa baiolojia anawapa watoto nusu ukurasa kuhusu moyo, anausoma kwa sauti bila haraka, halafu anasimama: "Sentensi hii iko wapi kwenye mchoro?" Vidole vinatembea juu ya karatasi. Anayekosea anarudishwa kwenye aya ileile, hapewi jibu. Asubuhi kabla ya vipindi, mwalimu wa darasa anasoma riwaya kwa dakika 20 na watoto wanafuatilia kwenye nakala zao. Huyo anaweza kuwa mwalimu wa hesabu, au wa michezo.

Kwetu, mtoto wa shule ya serikali anasoma miaka 7 kwa Kiswahili, akiingia kidato cha kwanza anakuta karibu kila kitabu ni cha Kiingereza. Hapo ndipo angehitaji kushikwa mkono. Mara nyingi mwalimu anamwachia kiranja daftari, kiranja anajaza ubao, na darasa zima linanakili mpaka kengele ilie. Notisi zinakaririwa, mtihani unafika, swali limegeuzwa kidogo tu, mtoto anakwama. Kisha tunasema hana akili! Inaniuma, maana watoto wale wana kiu ya elimu ambayo huku sijaiona. Watakaa diskasheni chini ya mwembe Jumamosi nzima bila kusukumwa na mtu.

Najua nitaambiwa vitabu hatuna. Ni kweli havitoshi, na huku nako si peponi; maktaba nyingi za umma zimefungwa kwa sababu ya kubana matumizi. Lakini kumsomea mtoto kwa sauti kunataka nakala moja na mwalimu mmoja. Na zile zilizofungiwa kabatini eti zisichafuke, zitolewe. Zikichakaa kwa kusomwa, sawa.

Shule za bweni zina prepo, muda wa kujisomea, kila jioni. Zichukue dakika 20 za mwanzo, mwalimu wa zamu awasomee, leo Kiswahili, kesho Kiingereza, kisha waulizane walichoelewa. Za kutwa zipunguze muda wa mstarini, ambao mara nyingi huishia kwenye matangazo na viboko. Mkuu wa shule na mwalimu wa taaluma wanaweza kulipitisha hilo katika kikao kimoja cha walimu kabla muhula haujaanza, na zamu ya kwanza apewe mwalimu wa fizikia.