Daraja la Hammersmith: kwa nini ambulansi nayo ilikataliwa

Ukiwa Castelnau, barabara ya Barnes inayoishia kwenye Daraja la Hammersmith jijini London, hospitali ya Charing Cross iko ng'ambo tu, kama kilomita moja kutoka darajani. Tangu daraja lifungiwe magari Aprili 2019, ambulansi haipiti hapo. Inazunguka kwa madaraja ya Putney au Chiswick, kwenye foleni ya magari yale yale yaliyofukuzwa Hammersmith, ambako zamani yalikuwa yakivuka kama 22,000 kwa siku.

Watu wa Barnes, ambao mto umewazingira pande tatu, wana haki ya kukasirika. Tena wanakumbusha jambo la kweli: daraja lilipofungwa kwa matengenezo mwaka 1997, mabasi na magari ya dharura yaliachwa yapite. Iweje leo gari moja lenye mgonjwa wa kiharusi lizuiwe?

Ni swali zuri, ila linachukulia kwamba tatizo ni tani. Kweli, kwa miaka mingi lilikuwa tani. Kikomo kilikuwa tani 7.5, ambulansi iko chini ya hapo, ilhali gari la zimamoto lililojaa maji linaweza kufika tani 12 na zaidi. Hiyo ni hesabu ya mizani, hata utingo wa lori anaijua.

Kilichogunduliwa 2019 ni kingine. Daraja hili la mwaka 1887, kazi ya mhandisi Joseph Bazalgette, linaning'inia kwa minyororo, na minyororo inapita juu ya vitako vya chuma cha kusubu. Pale juu kuna beringi za kuiwezesha kusogea jua likipanda na likishuka. Zilikuwa zimeganda kwa kutu. Mnyororo ukitanuka na kukosa pa kwenda, unakivuta kitako chenyewe, na chuma cha kusubu hakipindi kwanza kikakupa onyo. Kinapasuka.

Ndiyo maana Agosti 2020 hainitoki akilini. Daraja lilikuwa limepita zaidi ya mwaka bila gari hata moja, likibeba waenda kwa miguu na baiskeli tu. Likaja joto kali, nyufa zikaongezeka, na wahandisi wakafunga kila kitu, hadi boti zilizokuwa zikipita chini yake. Daraja linalochanika kwa jua tu utaliambia nini kuhusu gari la tani 5? King'ora hakipunguzi kilo hata moja, na ndani ya gari hilo kuna mgonjwa na wahudumu. Anayeidai ruhusa hiyo anawaombea hatari watu wale wale anaotaka waokolewe.

Hili haliwatakasi wenye daraja. Kutu ya kugandisha beringi si ya msimu mmoja, na halmashauri na serikali zimevutana miaka kadhaa juu ya nani alipe ukarabati unaokadiriwa kufika pauni milioni 250. Kwenye mvutano huo ndiko hasira ya Barnes ingefaa ielekezwe, si kwa mtu aliyepanda na tochi akaona ufa.

Vitako vimeimarishwa, na Aprili 2025 baiskeli zilirudishiwa njia ya magari. Huduma ya ambulansi ya London ina wahudumu wa baiskeli, kwa hiyo mmoja wao anaweza kuvuka na kifaa chake cha kushtua moyo. Machela bado inazungukia Putney.