Gari Bovu Birmingham, Gari Bovu Tanga

Mwezi wa pili mwaka huu Yaris yangu ya 2008 ilianguka MOT. Kwa asiyeijua, Uingereza gari likishatimiza miaka 3 hukaguliwa kila mwaka, likianguka unaegesha. Mkaguzi aliniita chini ya lifti nijionee. Ana kinyundo kidogo, anagonga sili, ule ukingo wa bodi chini ya milango, upande wa dereva: ko, ko, ko, halafu pu. Hapo penye pu kinyundo kikazama kama kwenye papai. Kutu ikiwa ndani ya sentimita 30 kutoka mahali mkanda wa kiti umefungwa, hakuna mjadala, gari limeanguka.

"Chumvi hiyo," akaniambia. Baridi ikianza halmashauri humwaga chumvi barabarani barabara isigande barafu, na chumvi hiyo huingia chini ya gari ikakaa humo inakula taratibu. Injini yangu ilikuwa inanguruma kama paka aliyeshiba, lakini bodi ndiyo iliyokuwa inaondoka.

Kulitengeneza, gereji ikanitajia pauni 640. Gari lenyewe likiwa zima lingenipa kama 1,200, tena kwa mnunuzi mpole.

Nikafanya kosa la kuweka picha kwenye grupu la ukoo. Binamu yangu wa Dar: "Kaka, yaani upo Ulaya unasukuma Vitz ya 2008?" Kweli, Yaris hii ndiyo Vitz ya kwetu. Mama akanipigia simu pembeni, akazungukazunguka na habari za mvua, mwisho akauliza: "Lakini kazi ipo, mwanangu?"

Kazi ipo, mama. Ila nyumbani gari humsemea mtu, na mkweche humsema vibaya. Huku jirani yangu ana gari linalong'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu, na si lake. Kalichukua kwa mkopo unaoitwa PCP: unalipa kila mwezi miaka mitatu au minne, mwisho unaambiwa lipa donge lililobaki liwe lako, au rudisha funguo. Wengi wa tunaotuma picha tumeegemea boneti, boneti ni la watu. Nami niliwahi kupiga picha ya namna hiyo, sitaingia kwa undani.

Nilichokuja kukiona baada ya miaka kumi na moja huku ni kwamba swali la kutengeneza au kununua halijibiwi na gari. Linajibiwa na bei ya saa moja ya fundi. Birmingham fundi wa gereji ya kawaida ya mtaani kanitoza pauni 60 kwa saa. Shokapu mbili za nyuma niliziagiza kwenye simu kwa pauni 45, kesho yake ziko mlangoni. Kuzifunga kukagharimu zaidi ya bei yake. Tanga ni kinyume. Fundi atakulalia chini ya gari kutwa kwa elfu thelathini na chai, lakini spea ndiyo itakayokuua. Atakuandalia bei tatu: ya Kichina, ya Dubai, na "used ya Japani, hii ndiyo yenyewe bosi". Ukiagiza Gerezani, Dar, ije na basi, unaomba Mungu iwe ndiyo yenyewe.

Na gari lenyewe kwetu ni ghali kuliko huku, jambo ambalo watu hawaliamini mpaka uwapigie hesabu. Vitz ya miaka ishirini Dar watu wanaitajia milioni saba, nane. Kwa hela hiyo Birmingham napata kama hii yangu na chenji inabaki. Ndiyo maana yule yule binamu aliyenicheka, siku ya pili alirudi kivingine: "Basi usiitupe, itume huku." Nikamwambia afungue kikokotoo cha ushuru cha TRA, mamlaka ya mapato Tanzania. Forodha 25%, VAT 18%, na kwa sababu gari limepita miaka 10 kuna ushuru wa uchakavu, 30% nyingine, juu yake meli na bandari. Akafungua. Hakurudi tena kwenye mada. Mombasa ndiyo isingeshuka kabisa, Kenya hawapokei gari lililopita miaka 8.

Kwa hiyo mtu wa Tanga akikomaa na gari la mwaka 1998 si ushamba. Hesabu yake iko sawa. Mimi nililielewa hili nikiwa nimeshaharibu.

Mjomba wangu wa Ngamiani, Tanga, alikuwa na Carina Ti. Ilikuwa imechoka, siwezi kuisifia: mlango wa nyuma unafunguliwa kwa nje tu, rejeta imeshachomelewa, safari ya Dar lazima usimame Chalinze uinue boneti ipumue. Lakini gari lile ndilo lililompeleka bibi Bombo hospitali usiku, ndilo lililobeba maharusi watatu wa ukoo. Mwaka 2021 Mjomba akanipigia, injini inakula oili, fundi wake anataka laki sita afanye ovahoo, yaani aifungue injini yote aitengeneze upya. Nikajibu kama mtu wa Birmingham: "Mjomba, gari la miaka ishirini na tatu unalitia hela ya nini? Uza. Mimi naongezea, tuchukue Vitz."

Alisita. "Hili nalijua, mwanangu," akasema, mara mbili. Sikusikia.

Vitz ikaja, nyeupe, ndani bado ina nailoni. Miezi saba ikaenda vizuri. Ikafika siku ya kubadilisha oili ya gia boksi. Gia boksi ya Vitz ile ni CVT, ina mkanda wa chuma badala ya meno ya gia, na inataka oili yake maalumu. Fundi, tena kijana mzuri tu, akamimina ile ile aliyozoea kuweka kwenye magari yote. Wiki mbili, ukikanyaga mafuta gari linapiga kelele bila kwenda. Gia boksi nyingine ya mtumba ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile laki sita ya ovahoo. Niliilipa mimi, na nilistahili.

Mafundi wa mtaa mzima walikuwa wameisomea Carina kwa mikono, unawaamsha usiku wa manane wanakuambia plagi ipi ina matatizo kwa kusikia tu. Nilichomnunulia Mjomba ni gari jipya kwake na kwa kila aliyelifungua.

Tukirudi kwangu. Kama Yaris ingekuwa ya dizeli ningeiaga siku ile ile, kwa sababu katikati ya Birmingham tangu 2021 dizeli kuukuu hulipa pauni 8 kila siku inayoingia. Ya petroli ya 2008 inapita bure. Nikaanza kutafuta fundi wa kuchomelea, maana pauni 640 zile nyingi zilikuwa saa za watu.

Nikampata Small Heath, hapa hapa Birmingham, Msomali aliyekulia Eastleigh ya Nairobi. Nilipoita fundi kwa mazoea, akageuka: "Unatoka wapi wewe?" Pauni 280, sili zote mbili. Nikampigia Mjomba video, nikamwonyesha chini ya gari. Akaomba nisogeze simu.

"Mbona hapo angeziba kwa puti, akapiga rangi?"

Fundi akacheka kwa ndani ya miwani yake ya kuchomelea. Puti hairuhusiwi, wala kudonadona weldi. Kipande cha bati lazima kizungukwe na weldi mfululizo, pasibaki mwanya, na mkaguzi atapita na kinyundo tena. Mjomba akatazama kimya cheche zinavyoruka, kisha akatoa hukumu: "Gari zima hivi. Huku lingekuwa teksi."

Ikapita, na onyo la tairi moja na bushi. Mwakani chumvi itakuwa imetafuna pengine, na huenda safari hiyo nikaliacha liende chuma chakavu. Nimeshajua hata hela yake hulipwa benki tu, taslimu sheria inakataza. Tutaonana mwezi wa pili.

Carina? Aliyeinunua alifanya ovahoo ile ile ya laki sita. Sasa ni mchomoko, gari dogo la abiria, wa Muheza, inapita Barabara ya 12 asubuhi imejaza mpaka dereva kakaa upande. Mjomba akiwa barazani huipungia mkono. Dereva humpigia honi.